Uzi wa Tiara

Katika michezo ambayo binadamu ameibuni ili ajifurahishe mbele ya bahari, ni michache inayosifiwa kuwa haina taksiri kama mchezo wa tiara, kwa kuwa tiara haina mtambo unaonguruma, haitoi moshi, hainywi mafuta, na nguvu zake zote huzikopa kwa upepo ambao haumdai mtu kodi. Na kwa sababu hiyo kila diwani wa mji wa pwani anapotafuta tamasha la kuwaleta wageni bila ya kuwaudhi wenyeji, tiara huwa miongoni mwa mambo ya mwanzo yanayomjia akilini. Sifa hiyo ni ya haki maadamu tiara iko juu. Hesabu huanza kuharibika inapokatika, na mahali palipokusanyika maelfu ya watu wenye tiara, kukatika ni jambo la kila dakika. Sura hii inahusu namna ya kulitengeneza tamasha hilo lisiiachie pwani deni; na rai yangu, ambayo nitaieleza kwa kirefu, ni kwamba mwenye kutaka tamasha safi aulize habari ya uzi kabla ya kuuliza habari ya tiara, kisha aulize kila kilichopanda kitaangukia wapi, na ni nani atakayekirudisha nyumbani.

Tuitazame kwanza tiara yenyewe, ile inayotengenezwa barazani na watoto wa Mombasa, Lamu au Unguja bila ya kununua kitu. Mtoto huchukua chelewa mbili tatu za ukuti mkavu, huziparura kwa kisu mpaka zikawa nyembamba na laini, huzikingamanisha na kuzifunga, kisha huzitandazia karatasi ya gazeti au ya kaki na kuzigandisha kingo zake kwa uji mzito wa unga wa ngano. Kwa mbele hufunga nyuzi fupi zinazokutana katika fundo moja, mithili ya hatamu za farasi, na hapo ndipo ulipo ufundi, maana fundo likipanda au likishuka kwa upana wa kidole tu, tiara hukataa kuondoka chini, au huzunguka kwa hasira mpaka ikajipigiza mchangani. Kwa nyuma huning'iniza mkia wa vitambaa vya leso kuukuu. Katika vyote hivyo hakuna ambacho mvua za masika zikikikuta juu ya paa hazitakiozesha.

Tiara ya namna hiyo ilikwisha kupata mshindani. Maduka yalipoanza kutia bidhaa katika mifuko ya plastiki, watoto waling'amua mara moja kuwa juala ni jepesi kuliko gazeti, halilowi wala halichaniki upesi, nalo hupatikana bure kila kichochoro. Na kwa muda wa kizazi kizima tiara nyingi za pwani yetu zilikuwa majuala yenye mikia. Serikali ya Zanzibar iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na ijapokuwa watunga sheria hao hawakuwa na fikra yoyote ya tiara, walimfanyia mtengenezaji wa tamasha nusu ya kazi yake. Uzi, walakini, hawakuugusa.

Nao uzi ndio wenye balaa. Mtoto anayekaa karibu na bandari ya wavuvi hapati shida kuokota mabaki ya mshipi wa nailoni, uzi ambao asili yake ni maabara ya Marekani mwaka 1935, na ambao wavuvi waliupenda kwa sababu zile zile zinazoufanya uwe mbaya unapopotea: hauonekani majini, hauozi, na haukatiki kwa mkono. Nailoni ni nzito kuliko maji ya bahari. Basi kipande kilichoanguka nje ya fukwe hakielei kikaonekana na kuokotwa, bali huzama kikajisokota katika matumbawe na katika nyasi za baharini ambako kasa huja kula. Kikiangukia mjini, huning'inia katika nyaya za umeme, au huchukuliwa na kunguru, ndege asiyechagua anachojengea kiota. Yule tuliyeletewa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili atusaidie kuondoa takataka amejifunza kuzifanyia makazi.

Nchi iliyojifunza habari ya uzi kwa uchungu ni India, na hususan jimbo la Gujarat, ambalo majahazi ya wafanyabiashara wake yamezoeana na bandari zetu kwa karne nyingi. Kila tarehe 14 Januari, katika sikukuu ya Uttarayan, jua linapohesabiwa kuwa limegeukia kaskazini, mji wa Ahmedabad huhamia juu ya mapaa: wazee, wake na watoto hushinda huko kutwa, wakila vitamu vya ufuta na sukari guru, na anga hujaa tiara ndogo za karatasi zinazopigana. Tangu mwaka 1989 mji huo umekuwa pia na tamasha la kimataifa linaloalika warushaji wa nchi za mbali, lakini moyo wa sikukuu umebaki huko mapaani, katika vita vya jirani na jirani. Ili uzi wa huyu uukate uzi wa yule, mafundi huutanda baina ya nguzo kando ya barabara na kuupaka rojo la wali lililochanganywa na rangi na unga wa vioo, kisha huuacha ukauke. Nao huitwa manja. Maadamu asili yake ilikuwa pamba, madhara yake yalikuwa na mwisho. Ilipoingia sokoni nailoni iliyopakwa vioo, ambayo ni rahisi kwa bei na ngumu kukatika, mchezo ukageuka kuwa hatari: njiwa, mwewe na korongo walianguka kwa mamia wakiwa wamekatwa mbawa, na waendesha pikipiki walikatwa shingo kwa uzi uliolegea barabarani ambao hawakuuona mpaka ulipowafikia.

Serikali ya Gujarat imekuwa ikiendesha tangu mwaka 2017 kampeni ya kuokota na kutibu ndege katika siku hizo, na watu huombwa wasirushe tiara alfajiri na jioni, saa ambazo ndege hutoka na kurudi viotani. Mwaka huo huo wa 2017, mwezi wa Julai, mahakama ya mazingira ya India iliipiga marufuku manja ya nailoni na kila uzi wenye kupakwa vioo nchini kote. Na bado kila Januari polisi hukamata shehena zake, kwani aliyekwisha kuonja ushindi wa uzi usiokatika hatarudi kwa hiari kwenye pamba. Pakistan ilifika mbali zaidi. Lahore palikuwa na sikukuu ya tiara ya Basant, mashuhuri katika Asia nzima, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliupiga marufuku mchezo wenyewe kwa ajili ya watu waliokufa. Mji ulipoteza sikukuu yake kwa miaka mingi kwa sababu ulichelewa kuutia uzi adabu. Kwa hiyo naliweka hili mbele ya mengine yote: katika tamasha jipya, sheria ya uzi isingoje malalamiko, iwepo tangu tangazo la kwanza, kabla mtu hajazoea jambo jingine.

Wako watakaosema kuwa tiara bila ya vita haina ladha, na kwamba vita bila ya vioo haviwezekani. Hao nawaelekeza Hamamatsu.

Hamamatsu ni mji wa Japani katika pwani ya Pasifiki, unaojulikana zaidi duniani kwa piano na pikipiki zake. Na kila mwaka tarehe 3 hadi 5 Mei wenyeji wake hushuka kwenye machuguu ya mchanga ya Nakatajima, mbele ya bahari, kurusha tiara kwa siku tatu. Mitaa zaidi ya 170 hushiriki, kila mmoja na nembo yake, na mavazi yake, na kikosi chake cha vijana, na tarumbeta za kuwatia ari. Yasemekana asili yake ni karne ya 16, mtawala wa ngome ya hapo aliporusha tiara kwa kuzaliwa mwanawe, na mpaka leo familia iliyopata mtoto wa kwanza huuomba mtaa umrushie tiara yenye jina lake, kisha huwakirimu warushaji. Tiara zenyewe ni za mraba, za karatasi na mwanzi, na kubwa zake humzidi mtu kimo maradufu. Mchana ni wakati wa vita. Silaha yao ni kamba ya nyuzi za mmea ambao sisi tunaujua kwa majani yake kuliko kwa nyuzi zake, yaani mbangi, nayo ina unene wa milimita 5 hivi. Haina kioo wala dawa. Vikosi viwili huzipitisha kamba zao zikakingamana angani, kisha watu kwa makumi huvuta na kulegeza, huvuta na kulegeza, mpaka msuguano unatoa moshi na harufu ya kuungua inasikika chini, na kamba mojawapo inasalimu amri. Ushindi huo hupatikana kwa mikono na hesabu ya pamoja. Ndege apitaye huiona kamba ya unene huo, na ikikatika, mashujaa wake wanajua imeangukia upande gani, kwa sababu ni mali, na huifuata.

Jambo la pili la Hamamatsu linalomhusu kila mji wa pwani ni mchanga wenyewe. Machuguu ya Nakatajima ni mahali pa kasa kutaga, na msimu wao huanza mwezi huo huo wa Mei na kuendelea mpaka Agosti. Hivyo siku tatu za kukanyaga na kupiga tarumbeta huangukia mlangoni pa msimu na kupita. Ikiwa kalenda hiyo ilitokana na bahati, ni bahati ya kuigwa kwa makusudi.

Iko pia mifano iliyo safi kuliko huo. Katika kisiwa cha Muna, Indonesia, watu hutengeneza tiara ya majani makavu ya kiazi cha mwituni juu ya fito za mwanzi, na kuirusha kwa uzi uliosokotwa kwa nyuzi za majani ya mananasi, na chombo hicho ambacho shamba moja linatosha kukizaa huweza kukaa angani usiku na mchana kwa siku kadhaa. Nakitaja ili ijulikane kuwa yawezekana. Sitaki tujifunge hapo. Hukumu ya kwamba kila kilichotoka shambani ni chema na kila kilichotoka kiwandani ni kiovu ni hukumu ya haraka, nayo haisimami mbele ya mizani. Tiara kubwa za maonyesho, zinazoletwa Dieppe nchini Ufaransa katika tamasha lililoanza mwaka 1980, aghalabu ni za kitambaa cha nailoni. Mwenyewe ameishona kwa majuma mengi, huikunja jioni kwa uangalifu wa mtu akunjaye joho la harusi, huitia mfukoni, na katika tamasha linalofuata huonekana nayo tena. Huko Sanur, katika kisiwa cha Bali, vijana wa kila mtaa hurusha tiara za kitambaa zenye umbo la samaki, la jani, na la joka ambalo mkia wake hupita mita 100, nazo ni fahari ya mtaa zinazohifadhiwa na kutengenezwa upya. Chombo cha namna hiyo kinachorudi nyumbani kwa miaka 10 kinaidhuru bahari kidogo kuliko tiara 1,000 za karatasi zilizofungwa nailoni na kutupwa siku moja. Basi mipaka iwe miwili tu: tiara ndogo, ambazo hakuna awezaye kuzihesabu, ziwe za karatasi, chelewa na pamba bila ya udhuru wowote; na kubwa, ambazo huandikwa daftarini kwa jina la mwenyewe, ziruhusiwe vitambaa na kamba za kiwandani, kwa sharti la kuonyeshwa tena langoni wakati wa kutoka.

Sasa tuushike mji mmoja, ili maneno yasielee hewani, na uwe Mombasa.

Mwenye kutafuta uwanja Mombasa, jicho lake litaangukia kwanza Mama Ngina, penye bustani na mibuyu mikongwe na mlango wa Kilindini ukipita mbele yake, na kwa uzuri hapana pa kupashinda. Mimi napakataa. Upepo wa kaskazi ukivuma, tiara iliyorushwa pale huelekea juu ya mlango wa bahari, ambako meli na vivuko vya Likoni hupita, na iliyokatika huangukia majini. Na kusi ukivuma, hugeuka ikaelekea mjini, kwenye nyaya na mapaa. Mji wa Unguja una taabu zaidi, kwa kuwa umeelekea magharibi, na pepo zote mbili aghalabu huufikia kwa mgongo, hata tiara ya Forodhani inapokatika haina pa kwenda ila mkondoni. Mambo haya hayaonekani katika ramani ya mbunifu aliyeajiriwa kutoka mbali, lakini hakuna nahodha asiyeyajua, na kwa rai yangu nahodha mstaafu mmoja katika kamati ana thamani kuliko wataalamu watatu wa matangazo.

Fukwe ya umma iliyoko Bamburi, kaskazini ya kisiwa, ina tabia nyingine. Pwani pale imelala karibu sawasawa na njia ya kaskazi, imeinamia bara kidogo tu. Basi mtu akisimama mchangani katika mwezi wa Januari au Februari, tiara yake hupanda kufuata urefu wa fukwe, na ikikatika huangukia mchangani mbele ya macho ya watu, au haizidi bustani za mahoteli. Kusi, ambao huvuma kutoka kusini-mashariki, huisukuma moja kwa moja bara, kwenye minazi na barabara. Kwa hoja ya pahala pa kuangukia peke yake, kaskazi umeshinda, na juu ya hayo ni upepo mtulivu wa siku kavu, ilhali kusi wa Juni na Julai huja na mawimbi na manyunyu.

Lakini kila msimu una wenyewe. Kasa hupanda kwenye fuo za Kenya usiku kutaga, aghalabu katika miezi ya kwanza ya kusi, na mayai yao hukaa chini ya mchanga kiasi cha siku 50 hadi 60. Kwa hiyo tamasha la kusi lingekanyaga juu ya vichwa vya watoto ambao hawajatoka. Kaskazi nao ni msimu wa ndege wageni. Kuanzia Agosti na Septemba hutujia makundi ya ndege wa pwani kutoka Ulaya na Asia, wakakaa mpaka Aprili, na baadhi yao, kama yule mweusi kwa mweupe alaye kaa ambaye huzaliana katika fuo za Uarabuni, huonekana kwa mamia katika ghuba ya Mida, karibu na Watamu. Ukipima madhara mawili, la ndege lina dawa na la kasa halina: ndege hawa hupenda tope na milango ya mito, kama Mida na Sabaki, na huweza kuachiwa huko bila ya usumbufu ikiwa tiara zitabaki katika mchanga mtupu, kuanzia jua likiwa limepanda mpaka saa moja kabla ya magharibi, kwa uzi usio na kioo. Kasa aliyetaga hana pengine pa kuhamishia mayai yake.

Baada ya mwezi, tuchague siku, na hapa naomba subira ya msomaji asiye mtu wa pwani. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, yakaacha uwanja mpana unaomvutia kila mwandalizi, kisha alasiri, wakati sherehe imepamba moto, hurudi mpaka kwenye ukuta wa hoteli na kuchukua kila kilichosahauliwa. Siku za maji mafu mambo ni kinyume. Mwezi ukiwa wa tarehe 8 au 9, au 23 hivi, maji hujaa asubuhi kwa kiasi, hupwa kiasi cha saa kumi alasiri, na hayaendi mbali wala hayarudi juu. Uwanja ni mwembamba kidogo, lakini mchanga wa juu hubaki mkavu, na jioni wafagiaji wana saa kadhaa mbele yao kabla bahari haijaja kudai fungu lake. Kwa hiyo tarehe ya tamasha itoke katika kalenda ya mwezi na majedwali ya maji, na mfadhili anayeitaka iangukie sikukuu ya mishahara asikilizwe kwa adabu, kisha akataliwe.

Turudi kwenye uzi, ambao ndio tuliokuja kwa ajili yake. Mtu asiingie na uzi wake. Langoni apewe kidonge cha uzi wa pamba kilichozungushiwa kijiti, kwa amana ya fedha kidogo, nacho kipimwe kwenye mizani mbele yake na uzani wake uandikwe kwenye kijiti kwa kalamu; jioni akirudi, kipimwe tena, na amana arudishiwe kwa kadiri ya uzi alioleta, uwe wake au wa mwingine aliouokota. Sharti hilo la mwisho ndilo roho ya shauri zima. Mtoto aliyepoteza uzi wake wote angali na njia ya kuipata amana, kwa kutembea ufukweni na kuokota wa wenziwe. Na mtoto mwerevu, nami sina shaka kuwa Mombasa ina wengi, atarudi na uzani unaozidi aliopewa na kudai ziada. Alipwe! Mizani isidai usawa wa kupimia dhahabu, kwa kuwa pamba hunywa unyevu wa bahari na kuongezeka uzito, lakini mtoaji na mpokeaji wataelewana kama wanavyoelewana katika soko la samaki.

Mnunuzi wa uzi awe macho, maana nyuzi nyingi za kushonea zinazouzwa leo madukani ni za kiwandani hata zikiitwa pamba. Dawa yake iko katika kibiriti. Uzi wa pamba ukiwashwa huungua mpaka ukawa majivu laini yenye harufu ya karatasi. Wa plastiki husinyaa, huyeyuka, na huacha punje nyeusi ngumu isiyosagika kwa vidole. Fundi cherehani yeyote anaweza kufanya jaribio hilo langoni, na ningependa awe ni fundi kweli, aketi pale na kibiriti chake. Kwa zile tiara kubwa, pwani yetu haina haja ya kuona haya: mkonge, uliofika Tanga mwishoni mwa karne ya 19 na kulitajirisha jimbo zima, hautoi uzi mwembamba wa mtoto, lakini kamba zake zafaa kufungia nguzo, mahema na nanga za mchangani, mahali ambapo kwa kawaida hutumika nailoni.

Habari ya anga nitaipita upesi. Uingereza hairuhusu tiara kuzidi mita 60 bila ya ruhusa, na ndani ya eneo la kiwanja cha ndege mita 30. Kipimo cha 60 chatosha furaha yoyote, na uzi unaotolewa langoni ukiwa na urefu huo, hakuna haja ya askari wa kutazama juu. Wanaodhani kuwa tahadhari hii ni ya woga wakumbuke Bali, Julai 2024, ambapo helikopta ya watalii ilinaswa na kamba ya tiara ikaanguka. Watu 5 waliokuwamo walipona. Mamlaka ya usafiri wa anga iarifiwe mapema, na pia wenye umeme, na Shirika la Wanyamapori, kwa sababu mbele ya fukwe hiyo iko hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986.

Chakula hakihitaji falsafa. Viazi vya karai, mihogo, mahamri na mbaazi viliwe katika sahani za bati zinazooshwa au katika majani ya mgomba, na dafu linywewe kwa mdomo, kama lilivyonywewa siku zote. Taa za usiku zisiwekwe ufukweni, kwani kasa mchanga aliyetoka yaini hufuata mwanga akidhani ni bahari. Kuhusu wageni nina neno moja ambalo waandalizi hawapendi kulisikia: katika tamasha linalojiita rafiki wa mazingira, moshi mkubwa kuliko yote hutoka katika ndege zilizowaleta warushaji mashuhuri kutoka bara la pili, na hakuna karatasi wala pamba itakayoufidia. Waalikwe wawili watatu wenye elimu ya kufundisha, nao wakae majuma kadhaa katika madrasa na shule wakitengeneza tiara pamoja na watoto. Walio wengi watoke Lamu, Malindi, Tanga, Pemba na Ngazija, na wa Nairobi waje kwa gari la moshi.

Imebaki siku ya pili yake, ambayo katika bajeti nyingi haimo. Tiara zilizokatika hazilali zote mchangani. Zipo zilizonasa katika makuti ya minazi, zilizolala juu ya mabati ya mahoteli na vibanda, zilizozungukia matawi ya mivinje. Theluthi ya fedha za usafi iwekwe kwa ajili ya siku hiyo, na isitumike kabla yake. Wakwezi wa minazi, ambao ujira wao wa kawaida huhesabiwa kwa mti, waajiriwe kwa hesabu hiyo hiyo. Wavuvi wa kikundi cha kusimamia fukwe wapewe mafuta ya mashua moja na wazamiaji wawili wa kukagua ukingo wa matumbawe. Walio na nyumba jirani waombwe ruhusa ya ngazi mapema, kwa barua, tena kwa jina, maana mwenye nyumba aliyeombwa jana humfungulia mtu geti ambalo asingemfungulia leo. Kila kilichookotwa kipelekwe kwenye ile mizani ya langoni, uzani wake uongezwe katika daftari chini ya uzani uliorudi jana, na tofauti iliyobaki baina ya kilichotoka na kilichorudi iandikwe ubaoni, kwa gramu, mahali ambapo kila mpita njia ataisoma kabla ya mji kuamua kama mwakani tamasha liwepo.